Sayari zinapokwenda mrama: dalili, sababu na marekebisho ya animesheni za obiti

Mwongozo huu ni wa wanaochora au kuchezesha mwendo wa sayari na nyota: walimu wa klabu za sayansi, vijana wanaojifunza programu za Blender au Scratch, na wachoraji wa kuta za shule kuanzia Tunduma mpaka Mafinga. Malalamiko yanayoletwa ni yale yale, na mara nyingi kompyuta haina kosa. Kosa lipo kwenye namba zilizoingizwa, au kwenye namba ambazo hazikuingizwa kabisa.

Kwa hiyo kabla hujagusa programu, andika namba tatu za kila sayari kwenye karatasi: umbali wa wastani kutoka kwenye Jua (wa Dunia ukihesabiwa 1), muda wa mzunguko mmoja, na e, yaani namba inayoeleza obiti (njia ya sayari kulizunguka Jua) imeachana kiasi gani na duara. Utaridi, ambayo vitabu vingine huiita Zebaki: 0.387, siku 88, e 0.206. Zuhura: 0.723, siku 225, e 0.007. Dunia: 1, siku 365.25, e 0.017. Mirihi: 1.524, siku 687, e 0.093. Mshtarii: 5.2, miaka 11.86, e 0.048. Zohali: 9.5, miaka 29.5, e 0.05. Uranus ina 19.2 na miaka 84, Neptuni 30.1 na miaka 165. Bandika karatasi hiyo ukutani mbele yako.

Dalili: sayari zote zinazunguka kwa mwendo mmoja, au zimepishana kidogo tu

Sababu inayoongoza ni kunakili sayari ya kwanza mara saba bila kubadilisha muda. Kipimo chake ni rahisi. Simamisha animesheni pale Dunia inapomaliza mzunguko mmoja. Utaridi iwe imekwisha kuzunguka mara nne na kuanza ya tano, Mirihi iwe imepita nusu ya njia yake kidogo, na Mshtarii iwe imesogea digrii 30 hivi. Isipokuwa hivyo, rudi kwenye karatasi. Ukiipa Dunia sekunde 10 kwa mwaka, Utaridi inapata sekunde 2.4, Mirihi 18.8, Mshtarii karibu dakika 2, na Zohali karibu dakika 5. Neptuni inahitaji dakika 27 na nusu, na mtazamaji ataondoka akiwa ameiona ikijongea tu. Hivyo ndivyo ilivyo kweli, iache.

Sababu ya pili ni kudhani muda unaongezeka sawasawa na umbali. Johannes Kepler alikwisha kulitatua hili mwaka 1619: muda kwa miaka, ukiuzidisha kwa wenyewe, ni sawa na umbali uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Jaribu Zohali: 9.54 × 9.54 × 9.54 ni karibu 868, na kipeuo chake cha pili ni 29.5. Namba ikikubali, fomula yako ni nzima.

Sababu ya tatu haionekani upesi. Mtu anataka video ijirudie bila kukatika, basi anakadiria namba ziwe kamili: Mirihi mara mbili ya Dunia kamili, Mshtarii mara 12. Usifanye hivyo. Ukubwa na umbali utalazimika kuvibadilisha, na hilo linasameheka ukiliandika wazi pembeni ya mchoro. Lakini uwiano wa muda ndio kitu pekee ambacho skrini inaweza kuonyesha bila kudanganya hata kidogo, na ukiuharibu hakuna kilichobaki cha kufundisha. Video ikikatika mwishoni, ikatike. Fifisha picha kisha anza upya.

Dalili: obiti imebonyea sana, au Dunia inaonekana kukaribia Jua na kuliacha mbali

Hapa ndipo wachoraji wazuri hukosea kuliko wote, kwa sababu mchoro wa vitabuni wanaounakili umechorwa kwa kutazamwa ubavuni. Duara likitazamwa ubavuni hubonyea, nao wanadhani ndiyo sura yake halisi.

Pima urefu na upana wa obiti yako. Utaridi ndiyo yenye e kubwa kuliko sayari zote nane, na bado upana wake ni asilimia 98 ya urefu. Obiti ya Dunia ukiichora kwa kipenyo cha sentimita 60, tofauti ya urefu na upana haifiki milimita 0.1. Ncha ya penseli yenyewe ni nene kuliko hapo. Chora duara, usiogope.

Kinachohama waziwazi ni Jua. Halikai katikati, linakaa kwenye fokasi, yaani moja ya nukta mbili zilizo pande mbili za katikati, na umbali wa fokasi kutoka katikati ni nusu-urefu ukizidishwa kwa e. Ukikuta obiti ya Utaridi imechorwa vizuri lakini Jua limewekwa katikati, hiyo ndiyo sababu ya pili kwa wingi. Sababu ya tatu ni mwendo wa kasi moja: Utaridi inapita karibu na Jua kwa kilomita 59 hivi kwa sekunde, na upande wa mbali inapunguza hadi 39.

Wasiotumia kompyuta wanaweza kurekebisha yote matatu kwa misumari miwili na uzi. Tuseme unachora Utaridi kwenye ubao wa plaiwudi, nusu-urefu sentimita 30. Zidisha kwa 0.206, unapata 6.2. Piga misumari miwili iliyoachana sentimita 12.4. Funga uzi usionyumbulika uwe kitanzi chenye mzunguko wa sentimita 72.4, uzungushie misumari yote miwili, vuta kwa penseli mpaka uzi ukaze, kisha zungusha. Uzi unaonyumbulika ndio unaofanya mistari ya wengi isikutane mwishoni. Jua liweke kwenye msumari mmoja.

Msumari wa pili usiung'oe. Weka kitovu cha protrakta juu yake, gawa digrii 360 kwa vipande vilivyo sawa, digrii 15 kila kimoja, na weka alama pale kila mstari unapokata obiti. Alama hizo 24 ndizo fremu zako, yaani picha moja moja za animesheni. Ukizitazama utaona zimesongamana upande wa mbali na Jua na kuachana upande wa karibu, kama inavyotakiwa, kwa sababu kwenye obiti yenye e ndogo sayari ikitazamwa kutoka fokasi iliyo tupu huonekana kuzunguka kwa mwendo unaokaribia sana kuwa sawa. Kwa Utaridi kosa la njia hii ni kama digrii 1 au pungufu, na kwa sayari nyingine haliwezi kuonekana kwa macho. Hakuna fomula wala umeme uliohitajika, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuifanya.

Anayetumia kompyuta aingize fomula yenyewe. Tafuta M, yaani sehemu ya muda wa mzunguko iliyopita ikiwa kwa radiani (mzunguko mzima ni radiani 6.283). Kisha rudia E = M + e × sin(E) mara saba au nane ukianza na E = M. Mahali pa sayari ni x = a × (cos(E) − e), na y = b × sin(E), Jua likiwa kwenye sifuri. Hapo a ni nusu-urefu na b ni nusu-upana.

Huku kwetu nyanda za juu kusini obiti iliyobonywa inaleta balaa zaidi kuliko kwingine. Mwanzoni mwa Julai, Makete na Njombe zikiwa na baridi kali, Dunia kweli ipo mahali pa mbali kabisa na Jua, kilomita milioni 152.1, mwanzoni mwa Januari ipo milioni 147.1. Mwanafunzi akiona animesheni yenye obiti ndefu anahitimisha kwamba umbali ndio unaoleta baridi, na hali ya hewa ya nyumbani inamuunga mkono. Lakini Julai hiyo hiyo Ulaya ni kiangazi cha joto. Kinachobadilisha majira ni mhimili wa Dunia ulioinama digrii 23.4. Basi ukionyesha majira, mhimili uonekane, na uelekee upande ule ule wa anga mwaka mzima.

Ukiona mhimili wako unazunguka pamoja na sayari na kuliinamia Jua siku zote, umeifunga Dunia kwenye mkono unaoizungusha, nayo inageuka pamoja nao. Kwenye programu, ondoa urithi wa mzunguko. Kwa wanaopiga fremu moja moja kwa mikono, weka alama moja kwenye ukuta wa chumba na ielekeze pini ya Dunia kwenye alama hiyo kabla ya kila picha.

Dalili: sayari inapunguza mwendo mwanzo na mwisho wa kila mzunguko, au inasita kidogo

Hii si sheria ya Kepler, ingawa wapo wanaojitetea hivyo. Programu nyingi za animesheni hulainisha mwendo zenyewe kati ya fremu kuu (keyframe) mbili. Katika Blender, fungua kihariri cha grafu (Graph Editor), chagua fremu kuu zote kwa A, bonyeza T, na uchague mstari ulionyooka (Linear). Kisha weka mabadiliko ya kasi kwa hesabu, usiiachie programu.

Ikiwa inasita kwa fremu moja tu, basi fremu ya kwanza na ya mwisho ni picha ile ile inayoonyeshwa mara mbili. Mzunguko wa fremu 250 uwekewe fremu kuu kwenye 1 na 251, na video iishie 250.

Sayari inaruka kwa pembe badala ya kuteleza? Umeiharakisha mno. Kwa fremu 24 kwa sekunde, ukiupa mwaka wa Dunia sekunde 1, Utaridi inabakiwa na fremu zisizofika 6 kwa mzunguko. Na usijaribu kuonyesha Dunia ikijizungusha yenyewe siku 365 ndani ya sekunde 10: itageuka zaidi ya mara moja na nusu kati ya fremu na fremu, na jicho litaona mtikisiko usio na maana. Ifanye mpira wa rangi moja.

Dalili: sayari inajisogeza nje kidogo kidogo mpaka inapotea

Hawa ni wale wanaoandika msimbo wa nguvu ya mvutano badala ya kuchora njia tayari. Nawapongeza, kwa sababu hiyo ndiyo njia yenye mafunzo mengi. Obiti yao, badala ya kujifunga, inapanuka kila mzunguko kama ganda la konokono.

Anza na kukagua mpangilio wa mistari miwili. Wengi wanasogeza sayari kwanza, halafu wanabadilisha kasi. Geuza: kasi mpya ni kasi ya zamani jumlisha mchapuko mara hatua ya muda, kisha mahali papya ni mahali pa zamani jumlisha *kasi mpya* mara hatua ya muda. Mabadiliko hayo madogo yanaizuia nishati isiongezeke, na obiti hujifunga.

Haijatulia? Punguza hatua ya muda kwa nusu. Tatizo likipungua, ilikuwa hatua. Lisipopungua, kagua vipimo vyako. Ukitumia umbali wa Dunia kama 1, mwaka kama muda, na tungamo la Jua kama 1, namba ya mvutano ni 39.48, na Dunia inahitaji kasi ya 6.283. Ukiipa 8.89 au zaidi inaondoka isirudi, na hapo msimbo hauna kosa lolote. Vipimo hivi vina faida nyingine: ukitumia mita au kilomita, namba zinakuwa kubwa mno na picha ya sayari za mbali huanza kutetemeka, kwani kadi ya picha hutunza tarakimu kama 7 tu.

Sayari ikirushwa ghafla baada ya kupita karibu na Jua, umbali umekaribia sifuri na mgawanyo umelipuka. Weka kikomo cha chini cha umbali, au fupisha hatua inapokaribia.

Mahali pa kuacha: mwigo huu ukishatulia, usiutumie kutabiri kupatwa kwa Jua wala kusema Mirihi itakuwa wapi tarehe fulani. Chukua mahali halisi pa sayari kutoka kwenye mfumo wa Horizons wa JPL (maabara ya NASA), unaopatikana bure, au fungua Stellarium, programu ya kuonyesha anga. Kama kazi inakwenda kwenye maonesho ya umma, mpe mhadhiri wa fizikia aipitie kwanza. Mbeya na Iringa vyuo vipo.

Dalili: zinazunguka kinyume

Ukitazama mfumo wa Jua kutoka juu ya ncha ya kaskazini, sayari zote huenda kinyume cha mishale ya saa. Anayehama kutoka Scratch kwenda p5.js au Processing (zana za kuchora kwa msimbo) hukuta kila kitu kimegeuka, kwa sababu Scratch huhesabu y kwenda juu na hizo nyingine huhesabu kwenda chini. Weka alama ya kutoa mbele ya y. Katika uhamaji huo huo, kumbuka Scratch husoma pembe kwa digrii, wakati p5.js, Python na hata Excel husoma radiani. Sayari inayorukaruka ovyo ni digrii zilizoingizwa mahali pa radiani.

Ukichora anga kama linavyoonekana Mbeya, mambo ni mengine. Mwezi Juni Jua linapita upande wa kaskazini, na ukilitazama, mashariki iko kulia kwako. Hivyo husafiri kutoka kulia kwenda kushoto. Video nyingi zimetengenezwa na watu wa kaskazini mwa dunia na zinaonyesha kinyume. Usizinakili.

Na Mirihi kurudi nyuma? Kama kamera yako ipo kwenye Dunia, hilo si kosa. Kila baada ya miezi 26 hivi Dunia huipita Mirihi kwa ndani, nayo huonekana kurudi nyuma kati ya nyota kwa majuma kadhaa. Acha kama ilivyo, na ikiwezekana chora mistari ya macho kutoka Dunia kupitia Mirihi mpaka kwenye nyota ili mtazamaji aone sababu.

Dalili: sayari hazionekani

Ukitumia skeli moja kwa ukubwa na umbali, hazitaonekana kamwe. Jua likiwa na kipenyo cha sentimita 10, Dunia ni tone lisilofika milimita 1, lipo mita 10.7 kutoka hapo, na Neptuni ipo zaidi ya mita 320. Tumia skeli mbili na uziandike zote mbili. Nafasi ikiwepo, skeli moja ya kweli ifanyie uwanjani, watoto wakiwa wameshika sayari.

Ukanda wa vimondo kati ya Mirihi na Mshtarii usiujaze mawe yaliyobanana. Tungamo lake lote ni asilimia chache tu za Mwezi wetu. Watoto waliokwisha kukiona Kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 hivi, hudhani juu kumejaa mapande ya namna hiyo. Chora vitone vichache, vilivyotawanyika.

Dalili: nyota mbili zinagongana, au moja imeganda

Nyota pacha hazizungukani moja ikiwa imesimama. Zote huzunguka kitovu cha tungamo lao, kwa muda ule ule, na kila wakati zipo pande mbili zinazotazamana za kitovu hicho. Zikigongana au kufuatana, moja umeianzisha upande usio wake. Isogeze nusu mzunguko. Mfumo mzima ukihama taratibu kwenye skrini, kasi za mwanzo hazikusawazishwa: tungamo mara kasi ya nyota moja lazima liwe sawa na la mwenzake, kwa mwelekeo kinyume.

Mfano mzuri ni Alfa Kentauri, inayoonekana vizuri huku kwetu jioni za Juni upande wa kusini, karibu na Msalaba wa Kusini. Nyota zake mbili kuu huzungukana kwa miaka karibu 80, e ikiwa 0.52, zikikaribiana hadi mara 11 ya umbali wa Dunia na Jua na kuachana hadi mara 36 hivi. Hapa ndipo kubonyea kunaruhusiwa.

Anayetaka obiti iliyobonyea kweli achukue nyota S2, inayozunguka shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu kwa miaka 16 hivi, e karibu 0.88. Ilipita karibu zaidi Mei 2018. Kufuatilia nyota za aina hiyo ndiko kulikowapa Reinhard Genzel na Andrea Ghez sehemu ya Nobeli ya fizikia mwaka 2020. Kwa e kubwa hivi, ile njia ya protrakta haifai kabisa, na fomula ya E irudiwe mara 50 au zaidi.

Dalili: video ya fremu moja moja inapepesa

Kwanza ni mwanga wa dirishani. Ukungu wa Mbeya ukifunguka katikati ya kazi, picha zote zinabadilika rangi. Funga mapazia, tumia taa. Pili ni simu kujirekebishia mwanga yenyewe: ifunge ibaki kwenye mwanga mmoja na fokasi moja. Tatu, mistari ya giza inayopita kwenye picha inatokana na taa za umeme wetu wa 50 Hz. Weka kasi ya shata 1/50 au 1/100. Rangi isipokauka kwenye manila kwa sababu ya unyevu, subiri, usiikaushe juu ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake unaua.

Dalili: kompyuta inapata moto au inazima katikati ya kutoa video

Toa fremu kama picha moja moja, si video nzima, ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Inua kompyuta mpakato juu ya ubao mgumu, si blanketi, hata kama vidole vinaganda kwa baridi. Safisha vumbi kwenye feni. Punguza ukubwa wa picha za sura ya sayari. Kwa projekta ya darasani pikseli 2,000 kwa upana zinatosha.

Acha kabisa na umwite fundi ukiona betri imevimba, ukisikia harufu ya kuungua, au bodi ikikupiga shoti. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuichaji tena. Projekta usiifungue mwenyewe, maana ndani hubaki umeme hata baada ya kuchomolewa. Kwa mchoro wa ukutani unaopita urefu wako, tafuta fundi mwenye jukwaa imara badala ya kupanga madawati. Na yeyote anayetaka kulitazama Jua halisi ili apate rangi yake asilitazame kwa darubini wala kwa lenzi ya kamera. Apitishe mwanga kwenye tundu dogo la kadibodi na kuutazama ukiangukia karatasi nyeupe, akiwa amelipa Jua mgongo.